Kabila la Nyandwi

1

KANISA LA MASALIA YA ISRAELI
USHARIKA WA NYARUVUMBA

TANGAZO

Waumini wote mnatangaziwa kwamba misalaba ya marehemu wa msimu huu itasimikwa Jumamosi ya kwanza baada ya mavuno ya maharage. Kila familia ifikishe nasaba ya marehemu wake kwa Msoma Nasaba, kuanzia baba hadi baba wa saba, pamoja na kabila lake katika Israeli.

Marehemu asiye na nasaba hatasimikiwa msalaba.

Hakuna atakayesikilizwa ofisini juu ya jambo hili.

Ni mimi katika utumishi,
Mch. Ezekia Ntunzwe
KIONGOZI

2

Huo mstari wa ofisini ni wangu. Jina hawakuliweka, lakini nani mwingine anakwenda ofisini kila wiki kama mgonjwa wa sindano?

Naitwa Gwimo. Shule niliishia darasa la tatu. Nikikosea mahali usicheke, na ukicheka, cheka kwa chini. Nimefiwa na mke wangu Nyandwi. Nataka msalaba wake usimame, una jina lake, asomwe mbele za watu kama wanavyosomwa wenzake. Basi. Karatasi hizi zote ni kwa ajili ya hilo.

Nataka kushukuru pia. Lakini shukrani zitafika mahali pake. Kwanza niwaseme viongozi.

3

Zamani tulikuwa Waha tu. Tunalima maharage, tunagombana mipaka, Jumapili tunaimba.

Ndipo Kiongozi akarudi kutoka semina na chati. Akaibandika ukutani pale mbele. Juu kabisa Adamu. Chini yake Nuhu. Kutoka kwa Nuhu mistari mitatu, Shemu, Hamu na Yafethi, imeachana kama njia panda. Halafu Ibrahimu, Isaka, Yakobo na wanawe wote. Na chini kabisa, pembeni, kwa kalamu ya mkono:

sisi.

Kwamba tulitoka Israeli, tukaufuata mto Naili kwenda juu, tukapotea, tukasahau. Nilifurahi, sitaficha. Wewe usingefurahi, ukiambiwa kwamba Mungu siku zote hizo alikuwa anakutafuta kama mtu aliyepotelewa na mbuzi?

Kosa halikuwa hapo. Kosa lilikuja walipoanza kutugawa.

4

MGAWANYO, KAMA ULIVYOSOMWA

Wenye ng'ombe: Yuda. Yakobo alisema Yuda ni simba. Benchi la mbele.

Kiongozi na ukoo wake: Lawi. Meza kuu. Lawi hana urithi wa shamba, ndivyo ilivyoandikwa, ila shamba la kanisa wanalima wao.

Wauza dagaa: Zabuloni.

Wafuga nyuki: Asheri.

Ukoo wa kule kwenye kinu: Dani. Hawa walikwenda nyumbani wakifurahi, wakasoma ile orodha ya watakaotiwa muhuri siku ya mwisho, wakakuta Dani hayumo. Wakarudi na fimbo. Jumapili iliyofuata walikuwa Manase.

Wabeba mizigo na wachoma mkaa: Isakari. Yakobo alisema Isakari ni punda. Mimi ni Isakari.

Wafinyanzi:

 

 

5

Wafinyanzi ni Watwa. Nyandwi alikuwa Mtwa. Alikuja utotoni kutoka ng'ambo ya mpaka na mama mmoja mfinyanzi aliyefia hapa kwetu kabla hajasema huyu ni mtoto wa nani. Jina lake lilitwambia kitu kimoja tu, kwamba kwao alikuwa wa saba kuzaliwa. Hao wengine wako wapi, Mungu ndiye ajuaye.

Nikanyoosha mkono kanisani.

"Mchungaji, na mke wangu je?"

Kiongozi akaigonga chati kwa fimbo, upande wa Hamu, chini, palipoandikwa Kanaani.

"Mzee Gwimo, hili si neno langu. Ni laana ya Nuhu. Lakini mgeni katikati ya Israeli anatunzwa. Tumemwekea benchi."

Benchi lenyewe lilikuwa nyuma mlangoni, mguu mmoja mfupi. Na kwa meza ya Bwana, sisi tulikuwa na kikombe cha chuma kinachong'aa. Benchi la nyuma likapewa kikombe cha plastiki, cha kijani. Maana huku kwetu, kabla hata ya chati, watu hawakunywa chombo kimoja na Mtwa. Chungu chake watanunua, watapikia. Kikombe chake, hapana. Kiongozi hakuleta jambo jipya. Alilipigia mhuri.

Nyandwi alikaa benchi hilo mpaka

mpaka tulipompitisha mlango huohuo amelala.

6

*Kisimani, asubuhi. Wanawake. Mimi niko njiani na gunia la mkaa, hawajaniona.*

— Kwani Mzee Gwimo bado anadai ule msalaba?

— Mpaka viatu vimeisha.

— Sasa watamsoma vipi? Juu hana baba, chini hana mtoto.

— Mtoto alimzaa, jamani. Alifariki.

— Wa siku chache yule. Anahesabika?

— Mama Zakayo, wewe mbona kimya? Ndoo yako imejaa, inamwagika.

— Naiona.

7

Namba hii ni ya wa saba, Nyandwi wangu. Mimi nakaa pembeni, asemaye ni yeye. Aliyasema kwa siku mbalimbali, akifinyanga uani, mimi nimeyaweka pamoja.

"Gwimo, Mungu alipomtengeneza Adamu alitumia nini?"

"Udongo."

"Kwa mikono?"

"Kwa mikono."

"Basi alikuwa fundi mwenzangu. Kiongozi asinitishe."

 

"Huu wa bondeni ni mweusi, huu wa kilimani ni mwekundu. Nikitumia mmoja peke yake chungu kinapasuka motoni. Nikichanganya kinatulia. Kamwambie yule mwenye chati. Au usimwambie, atatengeneza chati nyingine."

 

"Unanuna nini? Benchi la nyuma lina upepo. Nyie huko mbele mnasinzia, nawaona visogo vinaanguka."

 

"Usiwakumbushe. Sikia, Gwimo. Hata nikifa. Ukiwakumbusha utakuwa umewauzia, na mimi sikuuza."

8

Alichokataza nisiwakumbushe ni hiki. Wewe unayesoma nakwambia kwa sababu si wa hapa. Wao sijawaambia.

Mwaka wa kipindupindu mtoto wetu alifariki akiwa mchanga. Hatukupata mwingine. Nyandwi akabaki na maziwa yamejaa mpaka nguo inalowa. Mlango wa pili, wa tatu, akina mama wanachukuliwa kwenda kambi ya wagonjwa, vichanga vinabaki vinalia. Serikali ilileta dawa ya kutia majini na maspika ya kututangazia. Maziwa ya watoto haikuleta. Naandika hivyo, viongozi wa wakati ule walileta maspika.

Bibi mmoja akaja kwetu na mjukuu wake mgongoni. Mkononi ameshika kikombe chake mwenyewe cha maji, asije akashikwa na kiu akalazimika kutumia chetu. Akasimama uani. Hakukaa. Hakusalimia vizuri. Akamfungua mtoto mgongoni, akamnyoosha kwa Nyandwi kama anayempa moto.

Mtoto

alinyonya.

Bibi akanywa maji kwenye kikombe chake.

Kesho yake wakaja na wengine.

9

*Mama Zakayo. Ameniambia niandike kama alivyosema, nisimpambe.*

"Aliyepeleka yule mtoto ni mama mkwe wangu. Mimi nilikuwa kambini, sijitambui. Niliporudi nimekonda kama ufito, nikamkuta Zakayo wangu mashavu haya. Nikauliza, kala nini? Mama mkwe akasema, uji. Mtoto asiye na jino, uji! Nikajua. Nilikuwa nakutana na Nyandwi sokoni, namwambia, vyungu vyako vizuri. Ndiyo asante niliyompa, Mzee Gwimo. Vyungu vyako vizuri. Miaka yote. Na yeye anacheka tu, ananiuliza, Zakayo hajambo? Hebu usiandike kwamba nalia, maana silii, ni moshi huu wa kuni zako mbichi."

Kuni zilikuwa kavu.

10

OFISINI. *Pamoja na kwamba hakuna atakayesikilizwa.*

"Baba wa marehemu?"

"Hajulikani, Mchungaji."

"Mtoto wake aliye hai?"

"Hayupo."

"Kabila lake katika Israeli?"

"Mchungaji, mimi ni Isakari. Mke si mwili mmoja na mume?"

"Mwili, ndiyo. Nasaba ni damu. Ningekuwa mimi ndiye ninayeamua, Mzee Gwimo, ningekuonea huruma."

"Kwani anayeamua ni nani?"

Akafunga daftari lake. Kwenye meza ya pembeni alikuwepo mwanawe Yoramu, katibu wetu, mtu mzima mwenye ndevu sasa, anaandika. Namfahamu Yoramu tangu hajaota jino. Mama yake, marehemu mke wa Kiongozi, alikuwa kambi ileile ya wagonjwa. Yoramu alikuja kwetu kwenye kapu la nguo, amefunikwa kitenge juu ili watu wadhani ni nguo.

Nilikuwa na neno moja tu la kumwangusha Kiongozi kwenye kiti chake.

*Usiwakumbushe.*

"Asante, Mchungaji," nikasema. Nikatoka. Nikaupiga teke mti wa nje, ukaniumiza.

11

*Mzee Lukasi Kigwinya, Msoma Nasaba. Maneno haya alinipa mwenyewe, baada ya yote.*

"Kazi yangu ni kusoma majina ya baba za watu. Siyatungi. Lakini huyu mama alinisumbua. Nikayarudia Maandiko yote, kwa siri, maana Kiongozi anapenda yeye ndiye ayafungue.

"Nikamkuta Musa, ameoa mwanamke Mkushi, mweusi kama sisi. Dada yake akamsengenya kwa hilo. Aliyepata ukoma ni nani, mke? La. Dada. Nikamkuta Rahabu, nikamkuta Ruthu, wageni wote, wako ndani kabisa ya ukoo wa Daudi. Nikafurahi. Halafu nikasema, Lukasi, hao walizaa. Waliingia kwa mlango wa tumbo. Huyu wa Gwimo ataingilia wapi?

"Basi nikaendelea. Nikafika pale Yakobo anarudi Betheli. Katikati ya safari, bila kutarajia, panasemwa Debora amekufa. Debora ni nani? Aliyemnyonyesha Rebeka. Baba yake hatajwi. Kabila halitajwi. Mtoto wake hatajwi. Kilichoandikwa ni kwamba alinyonyesha, na kwamba alizikwa chini ya mti, na ule mti wakauita Mti wa Kilio.

"Kifo cha Rebeka mwenyewe sikukiona mahali. Cha aliyemnyonyesha kipo.

"Nikafunga kitabu. Nikakifungua tena. Bado alikuwepo.

"Mimi nina umri, Gwimo. Mwaka ule wa kipindupindu nilikuwa nachunga mbuzi karibu na uani kwenu. Nilikuwa nawaona wanaingia na vichanga."

12

Jumamosi.

Desturi yetu ni kwamba Msoma Nasaba anasimama kichwani pa kaburi, anaelekea kaskazini, uliko Yerusalemu, anauliza mara tatu: Ni wa nani huyu? Damu inajibu. Mume haruhusiwi kujibu, mke haruhusiwi, maana wao si damu. Damu ikijibu, nasaba inasomwa, msalaba unasimama, na kabila la marehemu wanakunywa maji palepale kwa kikombe kimoja. Isipojibu hata mara ya tatu, panafungwa, hapafunguliwi tena.

Wakamaliza Yuda. Wakamaliza Zabuloni. Nyandwi yuko kule mwisho, kwa wageni, chini ya mkaratusi. Msalaba wake niliubeba mwenyewe begani kutoka nyumbani, nikaulaza majanini. Sikuomba kibali. Nimechoka kuomba vibali.

"Hapo hapana cha kusoma, Mzee Lukasi," Kiongozi akasema. "Tufunge kwa sala."

"Sijauliza bado, Mchungaji."

"Utamuuliza nani?"

"Kanuni inasema niulize. Haisemi nimuulize nani."

 

*Ni wa nani huyu?*

 

 

 

Upepo. Mkaratusi unadondosha maganda. Nilitazama viatu vya watu, sikuweza kutazama nyuso.

 

*Ni wa nani huyu?*

 

"Wangu."

Mama Zakayo. Kanga ameikaza kiunoni kama mtu anayekwenda kupigana.

"Mama Zakayo," Kiongozi akasema, polepole, "wewe ni damu yake?"

"Mimi siyo. Zakayo ndiyo. Amenyonya kwake mpaka nilipotoka kambini. Hiyo damu ya Zakayo wewe unadhani ilitengenezwa na nini, Mchungaji, na matangazo?"

Mtu akacheka, akajiziba mdomo. Zakayo mwenyewe, dereva wa lori, jitu zima, akatoka nyuma ya watu.

"Wangu," akasema.

Halafu wa Zabuloni mmoja. Wangu. Binti wa mfuga nyuki, naye sasa amembeba mjukuu wa dada yake mgongoni. Wangu. Kutoka Manase, waliokuwa Dani:

wangu

                    wangu

     na mimi, wangu

                              wangu

"Jamani hata Stefano?"

"Hata mimi. Mlidhani hili tumbo ni la uji?"

Kiongozi akainua mkono. Wakanyamaza, wamezoea kunyamaza akiinua mkono. Yoramu katibu alikuwa kando yake na kalamu. Hakuwa anaandika.

"Baba," Yoramu akasema. "Mwaka ule mimi nilikuwa na miezi mingapi?"

Kiongozi akaushusha mkono.

"Mama aliniambia kabla hajafariki. Aliniambia na habari ya kapu."

Kiongozi akajifuta jasho.

Mzee Lukasi hakuwangoja. Akaelekea kaskazini, akauliza ya tatu, na sauti yake ilikuwa imeanza kukatika.

 

*Ni wa nani huyu?*

 

"Wangu," Yoramu akasema.

Kiongozi akavua kofia. Joto, au heshima, sijui. Mimi niliona kofia tu.

13

Mzee Lukasi akasoma, na hapakuwa na karatasi mkononi mwake. Akasoma kwenda chini badala ya kwenda juu. Si Nyandwi binti wa fulani binti wa fulani. Nyandwi aliyemnyonyesha Zakayo. Aliyemnyonyesha Stefano. Aliyemnyonyesha Yoramu wa Ezekia. Akasema kuna Debora naye yumo namna hiyo, chini ya mti, na huyu naye yuko chini ya mti. Kisha akauliza, "Kabila?"

Hapo ndipo palipochafuka.

"Asheri! Alianzia kwetu!"

"Alianzia kwenu lini? Alianzia kwa Zakayo!"

"Aandikwe Zabuloni, kwetu aliwanyonyesha wawili."

"Mapacha wanahesabika mmoja, tulieni."

Watu waliomnyima kikombe, wewe unayesoma, wanamgombea kama shamba la bondeni. Nilisimama pale. Nilitaka kukasirika, nilikuwa na haki kabisa, nimejiandaa miaka. Hasira ikakataa kuja. Nikaita, ikakataa.

Mzee Lukasi akasema mwishowe, "Tuache nafasi."

Msalaba ukasimama. NYANDWI. Chini yake pameachwa pa kuandika, patupu.

Sasa maji. Kabila hana, basi watakunywa kwa kikombe cha nani? Mama Zakayo akaondoka bila kusema, akaingia kanisani, akarudi na kile cha kijani. Akakijaza kisimani. Akanywa yeye, akampa mwanawe, kikazunguka watu wote. Kilipofika kwangu kilikuwa na maji kidogo tu chini, na alama za midomo pande zote.

Nikanywa.

14

SHUKRANI

Kwanza Mungu, mfinyanzi.

Mzee Lukasi, aliyeuliza.

Mama Zakayo. Vyungu vyake vilikuwa vizuri kweli, mama. Nimekufikishia asante yako.

Zakayo, aliyesimamisha lori lenye mzigo wa watu ili aje.

Yoramu. Kijana, hata bila jino ulikuwa unauma. Nyandwi alikuwa analalamika kwamba mtoto wa mchungaji anauma. Sasa nimekwambia.

Mama aliyemleta Nyandwi na kufia kwetu, simjui jina. Na ndugu zake waliomtangulia kuzaliwa, popote walipo.

Bibi yule wa kwanza, aliyekuja na kikombe chake. Yeye pia. Aliogopa, lakini alikuja.

Mtoto wetu, aliyetuachia maziwa.

Kiongozi:
bado. Nimeandika bado. Sikuandika hapana.

15

Jumapili ya kwanza nilipopita kaburini, ile nafasi chini ya jina ilikuwa imeandikwa kwa chaki nyeupe: ASHERI.

Mvua ikafuta.

Iliyofuata: YUDA. Herufi za mtu asiye na haraka.

Mvua.

Iliyofuata: ISAKARI. Nikageuka nyuma nitazame kama kuna mtu. Hapakuwa na mtu. Mimi punda nikakaa, nikalia kidogo.

Halafu ikaandikwa DANI. Nilicheka mpaka ndege wakaruka kwenye mkaratusi. Nyandwi naye angecheka, angesema, basi na tuwachukue hao Dani wasiotakiwa na mtu, waje benchi la nyuma, kuna upepo.

16

TANGAZO

Imeonekana kwamba watu wasiojulikana wanaandika makabila kwa chaki juu ya msalaba ulioko sehemu ya wageni. Jambo la kabila la marehemu huyo bado liko mezani. Ni marufuku kuandika chochote mpaka uongozi utakapo

17

Hivyo ndivyo lilivyobandikwa. Halikumaliziwa, na chini halina sahihi.

Jana nimepita. Pameandikwa tena.

LAWI.

Kwa chaki ya bluu. Chaki ya bluu hapa kijijini haiuzwi. Iko ofisini, kabatini, ndiyo wanayochorea mstari wetu ubaoni wakifundisha chati. Ufunguo wa kabati wanao watu wawili, baba na mwanawe, na mwandiko wao unafanana, maana mmoja ndiye aliyemfundisha mwenzake kuandika.

Nikauliza pale kaburini, kwa sauti, ni yupi?

Upepo tu, na maganda ya mkaratusi.

Mawingu yanakuja kutoka upande wa ziwa. Nimevua koti langu, nimelitundika juu ya msalaba, lile neno lisilowane leo.

Wewe uliyeandika,

asante.